Mwaka wa Kidonda cha Bi Mize

Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli marehemu alikuwa akifuga virusi. Tulikuwa tumekaa jamvini, kwenye msiba wa Dokta Nasra, chumba cha juu nyumbani kwa dada yake, kule mtaa wa Malindi, tumebanana magoti kwa magoti, kila mmoja na juzuu yake mapajani. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Nilimjibu ndiyo, kisha nikasema siyo hasa, kisha nikasema alikuwa akivichunguza virusi vinavyokula bakteria, wala haviwadhuru watu, na hapo hapo nikakumbuka kwamba hilo nalo si kweli yote. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa kwa lugha asiyoijua, akarudi kwenye juzuu yake. Baadaye, ilipoletwa chai na mikate ya kumimina, niliwasikia wanawake wawili nyuma yangu wakimzungumza. Mmoja alisema huyu Nasra, Mungu amrehemu, alimponya mtu wa Jang'ombe mguu uliokuwa umeshapangiwa kukatwa. Mwengine akasema yeye alivyosikia ni kwamba kuna mtu wa Jang'ombe alikatwa mguu kwa sababu yake. Kila mmoja aliyapata kwa mtu aliyekuwepo. Hawakugombana. Waliyaacha maneno yao yakae pamoja kama vikombe kwenye sinia moja, wakaendelea kunywa chai. Sikugeuka. Nilikuwa nikiwajua wote wawili waliokuwa wakizungumzwa, na miguu yote miwili, kwa sababu aliyekuwepo nilikuwa mimi. Na mpaka leo, mtu mzima mwenye mjukuu, mwalimu wa baiolojia, siwezi kuwaambia nani kati yao amekosea.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka masomoni na stashahada ya maabara, naishi kwa shangazi yangu Bi Mize huko Jang'ombe, natafuta kazi kila mlango. Dokta Nasra alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na ruhusa ya kufanya utafiti, na vyumba viwili vya ghorofa ya pili katika nyumba kongwe ya Malindi, juu ya duka la kamba na rangi za vyombo vya baharini. Ngazi zake zilikuwa za mbao, wima hata ukipanda unaiona ngazi inayofuata mbele ya pua. Harufu ya rangi ilipanda nasi mpaka juu, na dirishani zikiingia honi za boti za Dar es Salaam na kelele za makuli wakiitana. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza ndefu, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, hadubini moja na sufuria la mvuke, aina ile ile aliyokuwa nayo shangazi yangu kwa kuchemshia maharage. Cha pili kilikuwa na friji, meza ya Dokta na mkeka tuliokuwa tukilia chakula cha mchana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kula amesimama, sahani mkononi, anatazama nje. Mimi nilikaa mkekani peke yangu na wali wangu nikiona aibu, mpaka nikazoea. Aliponiajiri aliniuliza swali moja tu: kama naweza kuvumilia kutoelewa. Nikasema naweza. Nilidhani ni mtihani wa adabu.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa macho tu, ilikuwa ya jikoni. Tunapika jeli, tunaimimina kwenye visahani, inaganda. Jeli ile hutokana na mwani, nami nilidhani tunaipata kwa wanawake wa Paje wanaoulima pwani. Dokta akacheka, akasema mwani wa Paje ni wa aina nyengine, wetu unatoka mbali kwa makopo. Juu ya jeli tunapaka bakteria, wanaota mpaka kisahani kinakuwa cheupe kama kioo kilichopigwa pumzi. Kisha tunadondoshea maji machafu tuliyokwisha kuyachuja, na kesho yake, kama bahati ipo, unakuta vidoa vya uwazi ndani ya ule weupe, pahala ambapo bakteria wameliwa. Aliyewala haonekani hata kwa hadubini yetu. Unamjua kwa pengo aliloliacha. Maji yale tuliyateka kila palipo pachafu: kwenye bomba linalomwaga taka pwani, kwenye visima vilivyofukuliwa karibu na vyoo, kwenye mitaro ya Jang'ombe baada ya mvua. Dokta alikuwa akisema penye bakteria wengi ndipo penye wanaowala, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa watu pekee mjini tuliofurahi kuona uchafu.

Kuona kirusi kinakula bakteria hakukunisumbua akili. Kilichonichanganya ni yaliyokuja baadaye. Ukikiacha kisahani kwenye joto, ndani ya ule uwazi huchipua vinukta vidogo, bakteria walionusurika. Ukiwachukua hao ukawaotesha, ukawatia kirusi kile kile, hakiwafanyi kitu. Basi nikamwambia Dokta kirusi kimeshindwa. Akaniambia ngoja. Tukavitia vyote pamoja chupani, tukavilisha supu, tukivihamisha chupa mpya kila asubuhi, na baada ya wiki kadhaa kirusi nacho kilikuwa kimebadilika, kinawala wale wale waliokuwa hawaliki. Nikasema kirusi kimeshinda. Akaniambia ngoja. Siku moja tunakula mchuzi wa pweza nikamuuliza mwisho wa yote nani atashinda. Alitafuna mpaka akamaliza, akanijibu kwamba ugomvi huo umeanza kabla hakujakuwa na samaki baharini, na lau angekuwepo mshindi, sisi tusingekuwa na kitu cha kupaka kwenye visahani. Nikasema angalau kirusi ni rafiki yetu, maana kinakula adui yetu. Hapo ndipo aliponieleza kwamba bakteria wa kipindupindu hakuzaliwa na sumu yake. Sumu aliletewa na kirusi, kilichoingia mwilini mwake kisimuue, kikakaa humo kama mpangaji, na kodi kiliyolipa ni sumu hiyo. Nilirudi nyumbani siku ile nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoanza kazi. Nilitembea nikijaribu kupanga nani yuko upande wetu, na kila nikipanga, panapanguka.

Nyumbani nako kulikuwa na jambo. Shangazi alikuwa akipika vitumbua barazani kila asubuhi, na alikuwa na sukari kwa miaka mingi, akiichukulia kama mgeni asiyetaka kuondoka. Alijikwaa kwenye kona ya jiko la mkaa, pembeni ya kidole cha mwisho, na kidonda kile hakikufunga. Alikifunika kwa kitambaa, akakifunika kwa kanga, akakifunika kwa maneno. Nilikijua kwanza kwa pua. Nilikuwa nimekaa naye tunakunywa chai nikasikia harufu tamu tamu, kama ya zabibu zilizoanza kuoza, na mwili ukanisisimka, kwa sababu harufu ile nilikuwa naijua. Ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye kabati letu la joto kila tulipootesha bakteria wa aina moja, wale wanaotoa rangi ya kijani. Nikamwomba anioneshe. Usaha ulikuwa wa kijani.

Hospitali walimpa dawa, wakambadilishia, wakambadilishia tena. Bakteria wale walikuwa wakizitapika dawa zote. Mwishowe Dokta Makame, mpasuaji, mtu mpole mwenye sauti ya kuchoka, akamwambia mguu hauna budi kukatwa chini ya goti, na akampa muda wa kujitayarisha. Shangazi alisikiliza, akasema ahsante, akarudi nyumbani, na kesho yake alfajiri akakoroga unga wake kama kawaida. Nilimsikia jikoni akisema peke yake kwamba vitumbua havipikwi kwa kukaa. Aliyasema kama mtu anayejikumbusha kiasi cha sukari na hamira.

Nilimwambia Dokta Nasra. Sikumwomba kitu, nilimwambia tu, lakini alijua. Alizungumza na Dokta Makame, tukaletewa usaha wa kidonda, tukawaotesha wale bakteria, tukawajaribu kwa virusi vyote vilivyokuwa kwenye friji. Havikuwagusa. Kikabaki kichupa cha maji niliyoyateka mwenyewe wakati wa masika, kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba yetu. Asubuhi iliyofuata kisahani kilikuwa kimetoboka toboka. Dokta alikishika dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha akanieleza jambo ambalo ndilo la pekee nililolielewa vizuri mwaka ule. Bakteria huyu, alisema, ana mlango. Kwa mlango huo huitapika dawa nje isimuue. Na kirusi hiki kinaingilia mlango huo huo. Sasa bakteria akitaka kujikinga na kirusi, itambidi auharibu mlango wake, na akishauharibu hawezi tena kuitapika dawa. Yaani kirusi si lazima kimuue. Kinamtia kwenye njia panda. Nilifurahi nikacheka. Kisha tukarudia jaribio, na visahani vyengine vikakubali, vyengine vikakataa: walikuwamo bakteria walioharibu mlango, na walikuwamo wachache waliopata ujanja mwengine, hawaliki na dawa bado wanaitapika. Nikamuuliza Dokta tuamini visahani vipi. Akasema vyote.

Dokta Makame alikuja Malindi mchana mmoja, na mimi nilikuwa chumba cha kwanza naosha chupa, mlango uko wazi. Nilisikia zaidi ya nusu ya maneno yao. Alisema mguu unakwenda kukatwa kwa vyovyote vile, kibali cha kamati kimepatikana, mgonjwa ana akili zake timamu, basi kuna hasara gani kujaribu. Nilifunga bomba ili nimsikie Dokta Nasra.

"Nikishindwa nitaelewa nimeshindwa nini," alisema. "Nikifaulu ndiyo sitaelewa kitu. Na keshoye watakuja watu na vidonda vyengine, na mie n'na kirusi kimoja cha bakteria wa mtu mmoja."

Makame akasema watu hao atawazuia yeye. Nikafungua bomba tena. Nilimwona Dokta Nasra mwoga, na nikamkasirikia, kwa sababu nilidhani elimu ni kujua, na anayejua hana haja ya kuogopa. Sasa nikiwa natazama wanafunzi wangu wakiinua mikono kwa haraka ile ile, namwona vyengine. Lakini wakati ule nilikuwa na hasira, na niliosha chupa kwa nguvu mpaka moja ikapasuka.

Alikuja Jang'ombe mwenyewe kumwomba shangazi ridhaa. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwamkia shikamoo, shangazi akaitikia marahaba mwanangu, na wakazungumza kwanza habari za watu wanaojuana. Kisha Dokta akaeleza kila kitu, mlango na kirusi na dawa, na akaeleza pia kwamba huenda isifae. Shangazi alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipofumbua aliuliza dudu hilo limetoka wapi. Nilitamani Dokta aseme limetoka maabara.

"Mtaroni, Bi Mize. Nyuma ya nyumba yako. Tumelichuja na kulisafisha, lakini ndiko lilikotoka."

Shangazi alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Nguo iliyorushiwa tone la maji ya mtaro aliifua mara tatu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alisema miaka yote hii amekuwa akiumwagia mtaro ule dawa kila Ijumaa, kumbe alikuwa akiua tiba yake. Alimtuma mtu kwa sheikh wa mtaani aulize, jibu likarudi kwamba penye dharura na penye kusafishwa hakuna neno, na yeye akatia dole gumba.

Wiki ya kwanza pale hospitali ilikuwa ya furaha. Dokta Makame alikisafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa, na kila asubuhi wauguzi wakakiloweka kwa maji yetu yenye kirusi. Harufu ilipungua. Usaha ukawa mwepesi. Shangazi akaanza kuwaagiza wageni walete muhogo wa nazi, binti wa jirani akawa anampikia nyumbani vyakula visivyompandisha sukari, na mimi nilikuwa napanda ngazi za Malindi naimba. Kisha asubuhi moja nilipofunua bendeji nikasikia ile harufu ya zabibu imerudi. Nilikwenda kwa miguu mpaka kazini, sikumbuki njia, nikamwambia Dokta kwamba kidonda kimerudi kuwa cha kijani. Akatabasamu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa tabasamu lile. Alichukua mkoba wake, akaenda moja kwa moja kwa Dokta Makame, na siku hiyo hiyo shangazi akaanzishiwa sindano za dawa ya zamani, ile ile iliyokuwa imeshindwa mwanzo. Bakteria walionusurika walikuwa wametokeza, na kama walikuwa wameharibu mlango wao, ndiyo ilikuwa saa ya dawa hiyo kuwaua. Niliyaelewa hayo baadaye, njiani, peke yangu, na bado sikuweza kumsamehe kwa siku kadhaa.

Mguu ulipona. Alikatwa vidole viwili vya mwisho, kidonda kikafunga polepole, na kabla ya Ramadhani alikuwa nyumbani, anachechemea, anamgombeza kila mtu. Nilimuuliza Dokta Nasra tuseme nini kimemponya. Alikuwa amechukua bakteria wa mwisho kutoka kidondani na kuwapima. Baadhi walikuwa wameharibu mlango na dawa iliwaua. Baadhi mlango wao ulikuwa mzima kabisa. Ndani ya kidonda kimoja, mguu mmoja. Yawezekana ni kirusi na dawa, alisema, yawezekana ni kisu cha Makame, yawezekana sukari iliyoshuka kwa mara ya kwanza kwa miaka. Nikamwambia lakini wewe unadhani nini. Akasema hajui. Alilisema neno hilo bila haya na bila huzuni, kama mtu anayetaja jina lake.

Shangazi yeye alijua. Aliketi barazani na karai lake, na kila aliyenunua kitumbua alipewa na habari: Dokta Nasra amemponya kwa maji ya mtaro yaliyochujwa. Watu wakaanza kupanda ngazi zetu. Walikuja na majipu, na vidonda, na mtoto anayekohoa. Dokta aliwakalisha mkekani mmoja mmoja, akawaeleza kwamba kila kirusi kina bakteria wake, kwamba hii bado si dawa, na akawaelekeza hospitali. Wakashuka, kila mmoja na maelezo yake, na maelezo hayo yakafika mtaani yakiwa yamegeuka.

Jioni moja, jua bado halijatua, natoka kazini, nilimwona Bi Tatu, jirani wa nyumba ya tatu, ameinama mtaroni anateka maji kwa kata. Mumewe, Mzee Ussi, kuli wa bandarini, alikuwa na kidonda cha muundi wa mguu kilichoanzia kwenye msumari, na alikuwa hataki kusikia habari ya hospitali. Nilimuuliza Bi Tatu anafanya nini. Alinyanyuka akiwa na uso wa furaha. Alisema anamwosha mume wake kidonda kila siku, na kwamba nisiwe na wasiwasi, maji anayachuja kwanza kwa kanga safi, mara mbili.

Nilimshika mkono mpaka akaimwaga kata. Tulimpeleka Mzee Ussi hospitali akiwa anatetemeka kwa homa, na baada ya siku chache Dokta Makame alimkata mguu juu ya goti. Nilimwuliza kama ni yale maji. Alisema kidonda kilikuwa kimeshaoza kwa miezi, mguu ule ulikuwa unakwenda kukatwa. Alisema pia kwamba maji yale hayawezi kuwa yamemsaidia. Niliyarudia maneno hayo mawili njia nzima, nikijaribu kuyafanya yawe moja.

Dokta Nasra alikuja Jang'ombe kwa mara ya pili. Shangazi alikuwa barazani anapika, na mimi nilikuwa natia mafuta karaini. Dokta hakukaa.

"Bi Mize, nakuomba usiseme tena kuwa mie nimekuponya."

"Kwani hukuniponya?"

"Sijui."

"Mguu huu si huu hapa? Unataka niseme sinao?"

"Sema unao. Usiseme kwa nini."

Shangazi alimtazama akiwa ameshika upawa, unga unadondoka. Kitumbua kimoja kiliungua, kikafuka moshi, hakukigeuza. Nilidhani atamtolea maneno; alikuwa anaweza. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyemkatisha Ussi mguu, na Dokta, ambaye angeweza kusema hapana na mambo yakaisha, alisema hajui hilo pia. Kisha akakaa. Alikaa pale barazani, kwenye vumbi la mkaa, na baibui lake zuri, mpaka unga ukamalizika kupikwa, na hawakusemezana tena. Tangu siku ile shangazi hakuusimulia mguu wake kwa mtu yeyote. Watu wakaendelea kuusimulia bila yeye.

Nimeshamfikiria Dokta Nasra kwa miaka mingi kama mtu mgumu, kisha kama mtu mwaminifu, kisha nikachoka kumpa jina. Alikuwa akiwapenda wale bakteria na virusi kwa namna ambayo watu wengi hawakuipenda, kwa sababu havikumtaka achague upande. Watu wanataka uchague. Mimi mwenyewe nilitaka. Nilikuwa na zaidi kidogo ya miaka ishirini, na nilitaka mtu anishike bega aniambie shangazi yako alipona kwa hili na jirani yako aliumia kwa lile, nipate kulala.

Mwisho wa mwaka, kabla sijaondoka kwenda kusomea ualimu, shangazi alipanda ngazi za Malindi. Alipanda kwa kukaa, ngazi moja moja, hataki kushikwa, na mfuko wa vitumbua shingoni. Alisema anataka kuwaona. Dokta hakumuuliza kina nani. Alitoa bakteria wa kidonda chake, waliokuwa bado hai katika chupa, akaweka tone kwenye kioo, akamwekea hadubini. Shangazi aliinama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu hata nikadhani haoni kitu.

"Hawa ndio walionila?"

"Ndio hao."

"Na waliowala wao?"

"Hawaonekani, Bi Mize. Wadogo mno."

Akaendelea kutazama. Alisema wanakwenda mbio. Akauliza kwa nini Dokta hajawaua mpaka leo, na Dokta akajibu kwamba akiwaua hatajua kamwe walifanya nini mle ndani. Shangazi alinyanyua uso, jicho moja lina alama ya mduara wa hadubini, akasema basi jambo hilo, la kutojua, akaambiwe Tatu. Alisema yeye amekwenda kwa Bi Tatu mara nyingi, akakaa naye, akala naye, na kila mara ameshindwa kulisema, kwa sababu likitoka kinywani mwake litaonekana la kujitetea. Dokta alinitazama. Nikajua ni mimi.

Nilikwenda mchana huo huo. Bi Tatu alikuwa kwenye jamvi mlangoni anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, nikakataa chai, nikamwambia nimetumwa na Dokta Nasra kumwambia kwamba amefikiri, amepima alichoweza kupima, na hajui kama ni yale maji ya mtaro. Vidole vyake vilisimama ndani ya mchele.

"Yaani yawezekana si mie?"

"Yawezekana."

"Na yawezekana ni mie."

"Yawezekana, Bi Tatu."

Akatoa kokoto moja kwenye mchele, akaitupa, akatoa nyengine. Sikujua kama nimempunguzia mzigo au nimemwongezea. Uso wake haukuniambia, na nadhani wakati ule hata yeye haukumwambia. Ndani, nyuma ya pazia, Mzee Ussi alikohoa, akaita.

"Tatu."

"Naam."

Aliuliza ni nani huyo aliyekuja. Bi Tatu akamjibu kwamba ni Wahida wa Bi Mize, ameleta habari. Mzee akauliza kama ni habari njema. Bi Tatu alinitazama, nami nikamtazama, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Bado sijaijua," alimwambia mumewe, akausogeza ungo, akanipisha nikae.